Jinsi ya Kuendesha Msimu wa Maigizo Vudee

Mchezo mmoja ukifana, watu hupiga makofi, hurudi makwao, na baada ya wiki mbili hakuna anayeuzungumzia. Msimu ni shughuli nyingine kabisa. Ukitangaza msimu umeahidi kwamba aliyekuja Julai akija tena Agosti atakuta jambo, na kwamba Desemba kutakuwa na kubwa zaidi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza mtaigiza nini, jiulize ni nani atakayekuja mara ya pili, na kitu gani kitamrudisha. Haya yafuatayo nimeyaandika kwa ajili ya mwalimu, mwanakwaya, kijana wa kikundi au mstaafu aliyerudi nyumbani Vudee na anayetaka kuanza. Mtu wa Mbaga, Chome au Mamba anaweza kuyatumia vilevile, akibadilisha machache.

Anza na kalenda, kitabu kitafuata

Milima ya Upare Kusini ina mvua mbili. Masika hushika Machi hadi Mei, vuli hunyesha kuanzia Oktoba hivi hadi Desemba. Wakati wa masika barabara ya kupanda kutoka Same huteleza, na mwenye shamba hana jioni ya kumpa mtu. Basi miezi yako ni Julai, Agosti na Septemba: mavuno yameingia, njia zimekauka, mkononi kuna chochote. Julai ni baridi, na ukungu unaweza kushuka saa kumi ukafunika kila kitu, lakini mtu wa milimani akiwa na koti hakimbii kwa sababu ya ukungu. Baada ya hapo pumzika miezi miwili watu wapande, kisha funga msimu wiki ya mwisho ya Desemba, wakati wana wa Vudee waliotapakaa Dar es Salaam, Arusha na Moshi wamerudi kwa wazazi. Michezo minne kwa mwaka inatosha. Anayetangaza kumi ataonyesha miwili.

Shule nazo zina kalenda yao. Darasa la saba wana mtihani wa taifa Septemba, na kidato cha nne huingia kwenye wao mvua za vuli zikianza. Ukimpa mwanafunzi wa madarasa hayo nafasi kubwa utagombana na mzazi na mwalimu mkuu kwa siku moja.

Ugumu mkubwa zaidi ni siku ya juma. Wasabato wamekuwa katika milima hii tangu 1903, walipofungua misheni yao ya Friedenstal kule Giti, na Walutheri wa misheni ya Leipzig waliingia Upareni miaka hiyohiyo. Sabato huanza Ijumaa jua likizama na kwisha Jumamosi jua likizama. Jumapili asubuhi ni ibada ya Walutheri, na ukiweka mchezo saa sita mchana utakuta kwaya zako zote bado zimo kanisani. Waislamu wana Ijumaa yao na mwezi wao wa Ramadhani, ambao husogea kila mwaka, kwa hiyo uangalie mapema. Zinabaki nafasi mbili zisizomkwaza mtu: Jumapili saa tisa alasiri, au Jumamosi usiku kuanzia saa moja na nusu. Ya Jumapili itafaa mchezo wa kwanza, maana watoto watakuja na huhitaji taa. Ukichagua usiku, chukua Jumamosi iliyo karibu na mbalamwezi. Watu watarudi kwa miguu kwenye njia za miteremko, na bibi akijikwaa mara moja, mwezi ujao hatatoka.

Mahali

Hamna ukumbi wa maigizo wenye viti vya kupanda na pazia jekundu, na humhitaji mjenzi kuwatengenezea. Mlima wenyewe umeshafanya kazi hiyo. Tafuta mteremko wa wastani unaoishia kwenye kiwanja kidogo tambarare, kama vile ukingo wa uwanja wa shule. Watazamaji wakae mteremkoni, waigizaji wawe chini. Hapo wa nyuma anaona, na sauti inapanda kumfuata. Mita sita kwa nne zinatosha jukwaa. Nyuma ya waigizaji pawe na kitu cha kurudisha sauti: ukuta wa darasa, ukingo wa udongo, hata turubai lililokazwa vizuri. Alasiri hakikisha jua liko ubavuni mwa pande zote mbili. Likiwa usoni mwa watazamaji hawataona, na likiwa usoni mwa mwigizaji atakunja uso mchezo mzima hata kwenye harusi.

Vipaza sauti vibaki kwa matangazo na muziki. Nimeona michezo mingi mizuri ikifa kwa sababu ya maikrofoni moja inayopokezanwa: mume anamfokea mkewe, kisha anamkabidhi kifaa ili ajibu. Mwigizaji afundishwe kutoa sauti kutoka tumboni. Usiku, funga taa mbili zenye nguvu mbele, kulia na kushoto, juu ya nguzo, zikimulika kwa mshazari. Jenereta likae nyuma ya jengo, mbali kiasi cha kutosikika. Moto wa wazi jukwaani usahau kabisa. Agosti na Septemba nyasi zimekauka, na kutoka mashambani hadi msitu wa Shengena si mbali kwa moto uliopata upepo.

Desemba mvua inaweza kuwaharibia. Mchezo wa mwisho uombewe ukumbi wa ndani tangu Agosti, maana wiki hiyo kuna harusi, vipaimara na vikao vya koo.

Michezo yenyewe

Wa kwanza, wa Julai, utungeni wenyewe, uwe kichekesho, na usizidi dakika arobaini. Hapa hamjaribu kumfundisha mtu chochote. Kazi yake ni kuwafanya watu wacheke kiasi cha kusimuliana njiani, ili Agosti waje na jirani. Mada mnayo mlangoni: ndiva. Kila Mpare wa milimani anajua yale mabwawa ya wazee, maji yanavyokusanywa usiku na kufunguliwa kwa zamu, na anajua kuna mtu huamka saa tisa usiku kugeuza mfereji. Huyo ndiye mhusika wenu. Mpeni jirani mwenye zamu, balozi asiyetaka kugombana na yeyote, na mke anayejua kila kitu lakini hakuulizwa. Utani wa ubahili mnaotaniwa na Wachaga tumieni mpendavyo, kwani ukitoka kinywani mwa Mpare ni mali yake. Lakini mhusika asifanane na mtu aliye hai kijijini, hata kwa mwendo. Mkiona watazamaji wanageuka kumtazama mtu mmoja, mmemkosea.

Wa pili uwe tamthilia iliyochapishwa, na ninayoipendekeza ni *Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe* ya Edwin Semzaba. Sababu ya kwanza ni kwamba wanafunzi wengi wa sekondari wameisoma darasani, hivyo vitabu vipo na vijana wanaijua. Ya pili ni nzito zaidi: wazazi waliowalipia ada watoto wasome kitabu hicho hawajawahi kukiona kikisimama. Ni kisa cha karani wa sensa anayefika kijijini kuhesabu watu, akampenda Mazoea, binti wa Mzee Mitomingi, na kazi ya serikali ikaishia majivuni. Watu waliohesabiwa 2012 na tena 2022 hawahitaji kuelezwa karani ni nani. Kuna pombe ndani yake. Katika kijiji chenye Wasabato na Walutheri wengi haina maana muiondoe, kwa sababu bila ulevi kisa hakisimami. Maana yake ni kwamba mchungaji na mzee wa kanisa wasome andiko mapema, na kibuyu kiwe na chai ya rangi.

Wa tatu, wa Septemba, watu watanishangaa: *Mabepari wa Venisi*, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mchezo wa Shakespeare iliyotoka 1969. Nisikilizeni kwanza. Utani wa zamani unasema Mpare huuza ng'ombe ili afuatilie kesi ya kuku. Kuna mchezo gani duniani unaomfaa zaidi kuliko ule ambao mtu anashikilia mkataba hadi mahakamani akidai ratili ya nyama ya mwili wa mdeni wake, na anakataa fidia hata ikizidishwa? Waliokaa mabarazani wataanza kutoa hukumu kabla Portia, anayekuja kama wakili, hajafungua kinywa. Waacheni. Hakimu akae mbele, lakini wale wanaosikiliza kesi wakae katikati ya watazamaji, ili uwanja mzima uwe baraza. Mchezo ukiisha acheni robo saa ya mazungumzo: je, Shylock, huyo mdai, alitendewa haki? Kusudi langu si semina. Mtaondoka saa nne usiku watu bado wanabishana, na mtu aliyeshindwa ubishi atarudi. Lugha ya Mwalimu ni ya kishairi na ngumu kumeza, kwa hiyo mazoezi ya mchezo huu yaanze Mei. Mkiona wote ni mrefu mno, ombeni idhini ya kuonyesha sehemu za mkataba na mahakama tu.

Nimesema idhini makusudi. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, na mfasiri naye anahesabiwa mwenye haki. Nyerere alifariki 1999 na Semzaba 2016, kwa hiyo andikieni wachapishaji wao barua, mkieleza ni onyesho la kijiji, kiingilio kiasi gani, siku ngapi. Mkikwama, ofisi ya hakimiliki, COSOTA, watawaelekeza. Vilevile Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 inahusu majukwaa pia, kwa hiyo safari ya kwanza ya Same iwe kwa Afisa Utamaduni wa wilaya, mwezi mzima kabla. Mtendaji wa kata na polisi wapate nakala ya barua hiyo yenye mhuri.

Watu

Waigizaji wako wapo kwenye kwaya. Mwanakwaya ana sauti, amezoea kuja mazoezini, na anajua kusubiri zamu yake, sifa ambayo ni adimu kuliko kipaji. Kasoro yake ni moja: amezoea kusimama wima akimwangalia mwalimu wa kwaya. Wiki mbili za kwanza usimpe maneno kabisa. Mpe kazi ya mikono, apukuchue mahindi au atafute ufunguo uliopotea huku akizungumza na mwenzake, mpaka asahau kwamba anatazamwa.

Nafasi za wazee wapeni wazee. Kumbandika kijana wa miaka kumi na saba pamba kidevuni na kumpa mkongojo kunachekesha mahali pasipotakiwa kicheko. Mzee wa miaka sabini atasahau maneno, ndiyo, lakini atakapokaa kwenye kigoda watu watanyamaza. Mwekeeni mkumbushaji nyuma ya turubai.

Lugha ya jukwaa iwe Kiswahili, kwa kuwa walimu, wauguzi na wakwe wengi si Wapare. Chasu kiingie pale kinapoingia kwenyewe nyumbani: kwenye ugomvi, kwenye kuita mbuzi, kwenye wimbo wa kazi, kwenye msiba. Mgeni atafuata kwa sura.

Mazoezi yawe mara mbili kwa wiki, saa kumi, na yamalizike kabla giza halijaingia. Ukichelewesha wanawake na mabinti utawapoteza wote kwa mkupuo, na waume na baba watakuwa na haki. Watu wazima wawili wawepo siku zote, mmoja wao mwanamke.

Jambo jingine ambalo vikundi vingi hulikimbia ni kufungua mlango wa mazoezi. Mwaka 1977, kule Kamĩrĩĩthũ karibu na Limuru nchini Kenya, wakulima na wafanyakazi wa kijiji waliigiza *Ngaahika Ndeenda* ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Mazoezi yalifanyika hadharani, na wanakijiji waliokuja kutazama walikuwa wakisahihisha: mzee hasemi hivyo, kiwandani hatukufanya hivyo. Walijenga na uwanja wao wenyewe. Serikali iliufuta mchezo ule baada ya wiki chache, na Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini mwisho wa mwaka huo. Hilo nalo lijulikane, lakini njia yao ya mazoezi sijaona inayoipita. Huku kwetu, walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Penina Muhando na Amandina Lihamba, walifanya kazi ya namna hiyo Malya, mkoani Mwanza, 1982 na 1983. Wanakijiji wenyewe walitaja shida zao, mimba za wasichana ikiwa mojawapo, kisha wakazitungia ngoma na maigizo. Aliyerekebisha sentensi moja mazoezini ataleta ukoo mzima siku ya onyesho ili wasikie sentensi yake.

Fedha

Kiingilio cha shilingi 1,000 kwa mtu mzima na 500 kwa mtoto ni cha haki. Lakini chapisheni tiketi ya msimu: shilingi 3,000 kwa michezo yote minne. Kadi ngumu, yenye visanduku vinne vya kutobolewa. Itangazeni kwenye makundi ya simu ya wana wa Vudee walioko mijini. Mtu aliyeko Kimara anaweza kumlipia mama yake msimu mzima kwa simu, na mama huyo, akijua imelipiwa, hatakubali visanduku viende bure. Matangazo mengine yapitie makanisani, msikitini, kwenye gulio na kwa wenyeviti wa vitongoji. Bango zuri lisilosemwa na mtu halileti watu.

Kazi ya kusafisha mteremko na kusimamisha nguzo iombewe msaragambo, kama mfereji au barabara. Wanawake wa kikoba wauze makande na chai, na faida ibaki kwao. Mlangoni wakae watu wawili wasio ndugu, na kitabu cha risiti. Hesabu ya mchezo uliopita isomwe kwa sauti kabla ya mchezo unaofuata kuanza, mapato na matumizi, mpaka bei ya misumari. Wapare watasikiliza hesabu hiyo kwa makini kuliko sehemu ya kwanza ya mchezo, na usichukie.

Mchezo wa Desemba

Huu ndio unaobeba msimu, na hauna kitabu. Uwe juu ya Mbiru, mgomo wa kodi wa Wapare.

Katika miaka ya vita vya pili vya dunia, utawala wa Waingereza uliongeza wilayani Pare kodi iliyopangwa kwa makadirio ya mali ya kila mtu, juu ya kodi ya kichwa iliyokuwapo. Watu wakakataa. Walikuwa tayari kulipa kodi, ila si kwa makadirio yale. Januari 1945 maelfu waliteremka milimani wakaenda Same, makao ya wilaya, wakakaa huko kwa miezi. Paulo Mashambo ni mmoja wa viongozi wanaokumbukwa. Mwishowe kodi ile ilifutwa. Profesa Isaria Kimambo, Mpare mwenyewe, aliandika kitabu kidogo juu ya mgomo huu mwaka 1971. Kipo kwa Kiingereza, na mwalimu wa historia akitafute na kuwasimulia wengine kabla hamjaandika mstari.

Kisha mwende kwa wazee. Waliokuwa watoto 1945 sasa wamepita themanini, na wengi wameshatangulia, lakini wamewaachia watoto masimulizi. Usiulize walifikiri nini kuhusu ukoloni, maana utapata hotuba. Uliza vitu. Walikula nini Same, na nani aliwapelekea? Walilala wapi kwenye joto lile la tambarare, watu waliozoea baridi? Nani alichunga mbuzi huku nyumbani, nani aligeuza maji ya zamu ya baba? Majibu ya maswali hayo ndiyo mchezo wenyewe. Andikeni kila mlichosikia hata kikipingana, na mkiona masimulizi mawili hayapatani, yawekeni yote mawili kwenye vinywa vya wahusika wawili.

Wanawake msiwafanye wa kuimba nyuma. Nao waliteremka baadaye. Inasimuliwa kwamba walimkabili mkuu wa wilaya wakamwambia achague: ama amalize shauri la waume zao, ama awape mimba yeye mwenyewe, kwa kuwa waume wamekwama kwake. Sijui tukio la historia yetu lenye jukwaa zaidi ya hilo. Kama mmeazima ukumbi wa kanisa, ongeeni na mchungaji mapema juu ya maneno hayo, na msiyalainishe mpaka yapoteze meno. Kwa uzoefu wangu akina mama wa kanisa ndio watakaowatetea.

Kuhusu kubuni, mfuateni Ebrahim Hussein. Katika *Kinjeketile* (1969) alichukua mtu wa kweli wa Vita vya Maji Maji, lakini akatahadharisha kwamba Kinjeketile wa mchezo si yule wa historia. Nanyi semeni hivyo mwanzoni, kwa sauti, ili mjukuu wa mtu asije na malalamiko Januari. Jina la Mashambo litajwe kwa heshima. Wahusika wa mbele wawe watu wa kubuni kutoka kijiji kisichotajwa: mume aliyeko Same, mke aliyebaki, na mkadiriaji wa kodi ambaye ni ndugu yao. Huyo wa tatu msimfanye shetani. Alikuwa na watoto naye. Na tafadhali, uhuru usiingizwe mwishoni kwa bendera na wimbo. Mchezo uishe watu wakipanda mlima kurudi, wakihesabu mbuzi waliokufa.

Onyesheni mara mbili, Jumamosi usiku na Jumapili alasiri. Kati ya maonyesho hayo kaeni mlangoni na daftari, mwandike kila mzee anayesema haikuwa hivyo. Rekebisheni andiko kati ya Januari na Machi, mpige nakala, moja ikae shuleni na moja ofisi ya kata. Na usiku uleule wa Desemba, kabla wageni wa Dar hawajaanza kuulizia basi la Same, tangazeni tarehe ya kichekesho cha Julai. Kadi mpya za msimu ziwe zimeshachapwa na ziko kwenye meza ya mlango wa kutokea, na karibu yake mtu mwenye simu ya kupokea malipo.